Gari inayojiendesha inajuaje ilipo GPS ikikata? Jifunze sensa za mwendo hatua kwa hatua, ukianza na simu yako

Watu wengi wakisikia gari inayojiendesha wanawaza kamera na ule mtambo unaozunguka juu ya paa, af wanamalizia na GPS, basi. Wanasahau kadude kamoja kadogo kamefungwa ndani ya bodi ya gari, hakaoni kitu chochote nje, hakapokei mawimbi ya mtu, lakini vingine vyote vikipotea kwa sekunde kadhaa kenyewe ndo kanashikilia gari isitoke kwenye njia yake. Wataalamu wanakaita IMU, na ndani yake kuna sensa mbili za mwendo, akselerometa inayopima mchapuko (yaani kasi inavyobadilika) na jairoskopu inayopima mzunguko. Hiyo ya pili ntaiita jairo tu tusichoke.

Huu mwongozo nimeuandika kwa mwanafunzi, fundi au mtu yeyote anayetaka kuelewa kwa mikono yake na sio kusoma tu. Hatua za mwanzo zinataka simu janja peke yake. Ukitaka kwenda mpaka mwisho utafute bodi ya ESP32 au Arduino (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), chipu ya MPU-6050 (ndo IMU yenyewe, wauza vifaa vya elektroniki wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue Nairobi wanaijua vizuri kwa jina hilohilo), moduli ya GPS, na kigari kidogo cha roboti chenye sensa za kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Majaribio fanyia uwanjani au kwenye eneo lenye geti, barabarani hapana, kuna watoto na bodaboda huko.

Kabla ya hatua yoyote shika jambo hili moja: sensa ya mwendo haikwambii uko wapi. Inakwambia umebadilika kiasi gani tangu ilipopima mara ya mwisho, na wewe ndo unajumlisha hayo mabadiliko kidogo kidogo mpaka upate sehemu ulipo. Sasa ukijumlisha vipimo unajumlisha na makosa yake. Kazi yote iliyobaki, kuanzia kigari chako mpaka gari za kampuni ya Waymo zinazobeba abiria Phoenix bila dereva, ni kuzuia hayo makosa yasikue.

Hatua ya 1: ione sensa inavyofanya kazi

Pakua programu inaitwa Phyphox, ni ya bure, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, na inakufungulia sensa za ndani ya simu kwa grafu. Chagua kipimo cha mchapuko ukiwa pamoja na mvutano wa dunia, laza simu mezani kioo kikiangalia juu. Mhimili wa Z, ule unaochomoza kutoka kwenye kioo, utasoma karibu 9.8 na simu imetulia kabisa. Haya, bonyeza ianze kurekodi, irushe juu kidogo iangukie kwenye godoro, af angalia grafu: ile nusu sekunde ilipokuwa hewani mihimili yote mitatu imeshuka karibu na sifuri, kisha pakaruka juu ilipogonga godoro.

Kwa hiyo kitu kilichotulia kinasoma 9.8 na kinachoanguka kinasoma sifuri, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Ndani ya chipu kuna kipande kidogo sana cha silikoni kimeshikiliwa na springi nyembamba, na kinachopimwa ni springi imepinda kiasi gani. Simu ikiwa mezani, meza inaisukuma kwenda juu na kile kipande kinabaki nyuma, springi inapinda. Simu ikianguka, vyote vinaanguka pamoja, springi haina cha kuipinda. Yaani akselerometa haiwezi kutofautisha mvutano wa dunia na gari kuongeza mwendo, na huu ndo mzizi wa shida zote utakazokutana nazo huko mbele.

Sasa fungua kipimo cha jairo, zungusha simu juu ya meza robo mzunguko, simamisha. Grafu inapanda ukiwa unazungusha na inarudi sifuri ukisimama, japo simu sasa inaangalia upande mwingine kabisa. Jairo inajua kasi ya kugeuka tu, mwelekeo haiujui. Ila ukijumlisha eneo lote lililo chini ya ule mlima kwenye grafu utapata kama 1.57, ndo radiani za digrii 90 hizo. Umeshafanya hesabu ya kwanza ya gari inayojiendesha.

Na ukitaka kuisikia mwilini, panda daladala, kaa siti ya ndani ufumbe macho. Breki unaisikia, kona unaisikia, tuta unalisikia, maana sikio lako la ndani nalo lina sensa za aina hizihizi mbili. Ila gari ikishika mwendo wa sawasawa barabara imenyooka, huwezi kusema ni kilomita 40 au 80 kwa saa. IMU nayo iko hivohivo, mwendo ambao haubadiliki haiusikii, inabidi ikumbuke.

Hatua ya 2: piga hesabu ya kosa kwanza

Kitabuni ni rahisi, unachukua mchapuko unajumlisha unapata kasi, unajumlisha tena unapata umbali. Sasa chukulia akselerometa yako ina ofseti, yaani kosa la kudumu linaloonekana hata ikiwa imetulia, ndogo ya 0.02 mita kwa sekunde kwa sekunde, kiasi ambacho kwa chipu za bei ndogo ni cha kawaida kabisa. Iache mezani ijumlishe yenyewe. Baada ya sekunde 10 itakwambia imesogea mita 1. Baada ya dakika moja, mita 36. Baada ya dakika tano, mita 900, na bado iko palepale mezani. Kosa linakua kwa mraba wa muda, ndo maana linakuja taratibu af ghafla limekumeza.

Hilo bado ni dogo. Baya zaidi ni kuinama. Gari ikipiga breki pua inashuka, ikipanda kilima pua inapanda, na kompyuta ikidhani gari iko sawa kumbe imeinama digrii 1 tu, basi kipande cha mvutano wa dunia, 9.81 mara sine ya digrii 1, yaani 0.17, kinaingia kwenye mhimili wa mbele na kuhesabiwa kama gari inaongeza mwendo. Ndani ya sekunde 10 umeshapata kosa la mita 8 na nusu, na njia moja ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5. Kwa hiyo jairo haipo pale kwa ajili ya kona peke yake kama wengi wanavyodhani, kazi yake kubwa ni kujua gari imeinama vipi kila sekunde ili mvutano wa dunia utolewe upande sahihi. Jairo ikikosea, akselerometa inakosea mara mbili.

Hapa ndo bei zinapotofautiana. Jairo ya kwenye simu ni kipande cha silikoni kinachotetemeka, ukikigeuza kinasukumwa pembeni na nguvu ya Coriolis, ni rahisi kukitengeneza lakini usomaji wake unapotoka. Jairo za faiba optiki zinapitisha mwanga pande mbili kwenye koili ya nyuzi za kioo na kulinganisha upi umechelewa gari ilipogeuka, na zile nzuri zinasikia mpaka dunia yenyewe inavyozunguka, digrii 15 kwa saa. Wewe anza na ya bei ndogo, inakulazimisha ujifunze.

Hatua ya 3: ifunge vizuri

Hii hatua watu wanairuka, af wanahangaika na programu wiki nzima. Chipu isishikwe na gundi laini au sponji, ikae kwenye kitu kigumu cha fremu, mbali na mota, karibu na katikati ya ekseli ya nyuma kama nafasi ipo. Mhimili wa X uangalie mbele kabisa. Kisha chukua rula, pima umbali kutoka chipu mpaka antena ya GPS kwa pande zote tatu, uandike kwenye programu. Kwenye gari kubwa antena iko juu ya paa na IMU iko chini, gari ikikata kona au ikiinama antena inasogea tofauti na IMU, na usipoiambia kompyuta hilo itadhani kimojawapo kinadanganya.

Hatua ya 4: iache itulie, uchukue ofseti

Washa kila kitu, subiri dakika kadhaa chipu ipate joto lake la kazi, maana ofseti inabadilika na joto, asubuhi yenye baridi na mchana wa jua kali sio kitu kimoja. Kigari kikiwa kimetulia rekodi jairo kwa dakika moja, tafuta wastani wa kila mhimili. Ule wastani ndo ofseti yako, utoe kwenye kila usomaji utakaofuata. MPU-6050 ikiwa kwenye kipimo cha digrii 250 kwa sekunde, namba ghafi 131 ni digrii 1 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona wastani wa 262 ujue inasema kigari kinazunguka digrii 2 kila sekunde wakati kimesimama. Ukiiacha hivo, dakika tatu kinajiona kimezunguka duara zima.

Akselerometa kwa upande wake ilaze kwa nyuso zote sita, juu, chini, kushoto, kulia, mbele, nyuma, kila mara imetulia. Kila mhimili unatakiwa usome +9.81 upande mmoja na -9.81 upande wa pili. Katikati ya namba hizo mbili kusipokuwa sifuri ndo ofseti hiyo.

Hatua ya 5: muda, muda, muda

Soma IMU mara 100 kwa sekunde bila kuruka, na kila usomaji upewe saa yake palepale unaposomwa, sio pale unapofika kwenye kompyuta. Gari ikiwa kilomita 72 kwa saa inakwenda mita 20 kila sekunde, kwa hiyo ukichelewa sehemu ya kumi ya sekunde umeshakosea mita 2 hata kama sensa zako zote ni safi. Moduli nyingi za GPS zina pini inayotoa pigo moja kila sekunde, kwa usahihi mkubwa mno. Itumie hiyo kurekebisha saa ya bodi yako, mimi naona ndo pini inayodharauliwa kuliko zote.

Hatua ya 6: pata mwinamo

Una mashahidi wawili. Jairo ni nzuri kwa muda mfupi ila inapotoka taratibu. Akselerometa inajua chini ni wapi kwa muda mrefu, ila inadanganyika kila gari ikiongeza mwendo, ikipiga breki au ikipita kwenye tuta. Waunganishe hivi: mwinamo mpya ni 0.98 mara (mwinamo wa zamani kujumlisha jairo mara muda uliopita), ongeza 0.02 mara mwinamo wa akselerometa. Mstari mmoja tu wa programu, na kwa kigari kidogo unatosha kabisa. Jaribu kubadilisha ile 0.98, ishushe mpaka 0.8 uone grafu inavyotetemeka kila kigari kikiondoka, ipandishe mpaka 0.9999 uone inavyohama polepole hata kigari kikiwa kimesimama. Ukicheza na namba hiyo nusu saa utaelewa zaidi ya ukisoma kurasa ishirini.

Hii inakupa kuinama tu. Upande ambao pua inaangalia, kaskazini au mashariki, mvutano wa dunia hausemi chochote, hapo unabaki na jairo peke yake mpaka GPS ije kusaidia.

Hatua ya 7: ongeza magurudumu

Hapa kosa linapungua ghafla, maana gurudumu linakupa umbali moja kwa moja na hulazimiki kujumlisha mara mbili. Jairo inasema umegeuka kiasi gani, gurudumu linasema umekwenda kiasi gani, unachora ramani. Honda walifanya hivi Japan mwaka 1981 kwenye kifaa chao cha Electro Gyro-Cator, jairo ya gesi ya heliamu pamoja na kipimo cha umbali, na ramani zilikuwa karatasi za plastiki angavu unazoziweka mbele ya skrini. GPS ya raia haikuwepo, na gari ilikuwa inajionyesha ilipo. Gari za kawaida za siku hizi nazo zina vifaa hivyo tayari, sensa za magurudumu zipo kwa ajili ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki), na jairo ipo kwa ajili ya ule mfumo wa kuzuia gari isiserereke ambao Bosch na Mercedes waliuingiza mwaka 1995.

Ila gurudumu nalo lina uongo wake. Tairi mpya likiisha milimita 5 kwenye nusu kipenyo, kwa tairi la kawaida hiyo ni kama asilimia 1.5, yaani mita 15 hivi kwa kila kilomita. Upepo ukipungua kosa linaongezeka. Na kwenye mchanga au matope gurudumu linazunguka gari iko palepale. Kwa hiyo linganisha: gurudumu likisema tumeongeza mwendo ghafla na akselerometa haijasikia kitu, liache gurudumu kwa muda.

Ongeza na sheria moja ya bure: gari haiendi ubavu na hairuki juu. Iambie programu kwamba kasi ya pembeni na ya juu ni karibu sifuri. Sheria hiyo peke yake inazuia makosa mengi sana na haikugharimu hata shilingi.

Hatua ya 8: kutanisha na GPS kwa filta ya Kalman

Rudolf Kalman alichapisha hesabu yake mwaka 1960, na watu wa NASA wakaichukua kwa ajili ya safari za Apollo. Inaonekana ngumu lakini mzunguko wake una sehemu mbili tu. Kwanza unatabiri: kwa IMU na magurudumu, sasa hivi nipo hapa, na shaka yangu imeongezeka kidogo. Hilo unafanya mara 100 kwa sekunde. Pili unasahihisha: GPS ikifika, mara moja hadi kumi kwa sekunde, unalinganisha utabiri wako na inachosema, unasogea kuelekea kwake kulingana na nani ana shaka ndogo zaidi. Uzuri wake ni kwamba filta haisahihishi sehemu ulipo peke yake. Ukiiwekea ofseti za sensa kama vitu vya kutafuta, inazijua zenyewe taratibu wakati gari inatembea, GPS inakuwa inaifundisha IMU makosa yake, na siku GPS ikikata IMU iko vizuri zaidi kuliko ilivyoanza.

GPS usiiamini kila neno. Kati ya maghorofa ya vioo ya Posta Dar es Salaam au Upper Hill Nairobi mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yanafika kwenye antena, na unapata sehemu iliyo mita kadhaa pembeni ikiwa na uhakika wote. Kabla hujakubali kipimo, jiulize kama gari inaweza kuruka mita 15 ubavu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Haiwezi. Kitupe hicho, subiri kingine. Gari za kampuni kubwa zinaongeza shahidi mwingine hapa, zinalinganisha miale ya lida (ule mtambo unaozunguka juu ya paa, unapima umbali kwa leza) na ramani iliyochorwa kabla, ila hata huyo anahitaji IMU imwambie takriban yuko wapi na mtambo ulisogea vipi wakati unazunguka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni gari ya Stanley ya chuo kikuu cha Stanford, Volkswagen Touareg, iliyoshinda mashindano ya gari zinazojiendesha ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, Oktoba 8, 2005 kwenye jangwa la Mojave, kilomita 212 ndani ya saa 6 na dakika 54, hamna mtu ndani. Mwaka mmoja nyuma hakuna gari hata moja iliyomaliza, iliyofika mbali ilifika kilomita 11.8 tu. Njia ya 2005 ilikuwa na mahandaki matatu, na ndani ya handaki ni mahali ambapo GPS haipo kabisa. Timu ya Stanley, iliyoongozwa na Sebastian Thrun, ilikuwa na filta ya familia hiihii ya Kalman ikizunguka mara 100 kwa sekunde, GPS, IMU na magurudumu pamoja, na GPS ikikata ilitumia ileile sheria ya gari haiendi ubavu, ikaweza kukaa mpaka dakika mbili bila setilaiti. Ukifika hatua hii kigari chako kina mifupa ileile.

Hatua ya 9: tumia kila kusimama

Magurudumu yakisoma sifuri na akselerometa imetulia, gari imesimama, na kitu kilichosimama kasi yake inajulikana bila shaka yoyote. Lazimisha kasi iwe sifuri, na chochote jairo inachosoma hapo ni ofseti, ichukue upya. Taa nyekundu na foleni ni zawadi kwa IMU, kila kusimama ni kukalibreti bure. Angalia tu usidanganyike na mwendo wa kunyata, weka sharti kwamba utulivu udumu angalau sekunde moja.

Hatua ya 10: ifungie GPS makusudi

Endesha kigari uwanjani, rekodi kila kitu, kisha kwenye kompyuta rudia data ileile ila ufiche GPS kwa sekunde 30 katikati. Linganisha filta ilikodhani iko na ilikokuwa kweli, na hapo kosa lenyewe litakwambia mgonjwa ni nani. Likikua ubavuni, jairo ina ofseti au iliwekwa imepinda, maana digrii 1 ya mwelekeo ni mita 17 na nusu za pembeni kwa kila kilomita. Likikua mbele au nyuma kwa kulingana na umbali, kipimo cha tairi sio sahihi, pima mzunguko wake upya kigari kikiwa na mzigo wake. Likiruka kwenye kona tu na kutulia ikinyooka, rudi hatua ya 3 upime tena umbali wa antena. Likikua kwa kufuata kasi, ukienda pole hamna, ukikimbia lipo, tatizo ni saa, rudi hatua ya 5. Rekebisha kimoja kwa wakati mmoja, rudia data ileile, af ongeza muda wa kuficha GPS kutoka sekunde 30 kwenda 60.